Kijana Akikuuliza Kuhusu VVU na Ngono: Namna ya Kumjibu, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa yeyote ambaye vijana humpelekea maswali wasiyothubutu kuyauliza nyumbani: mwelimisha rika, mwalimu wa malezi, muuguzi wa zahanati, kiongozi wa vijana msikitini au kanisani, dada mkubwa wa mtaani. Huhitaji udaktari. Unahitaji kuyajua mambo machache kwa uhakika na kuyasema kwa mpangilio unaomsaidia anayeuliza. Mifano ya sheria na vituo ni ya Tanzania Bara. Ukiwa kwingine, ulizia ya huko kwenu kwanza.

Kuna jambo moja ningependa ulishike kuliko mengine yote: maswali mengi ya vijana huja na muda unaokwisha. Binti anayekuandikia Jumapili asubuhi kuhusu jambo la Ijumaa usiku amebakiwa na kama siku moja na nusu tu ya kuanza dawa za kuzuia VVU. Ukiutumia muda huo kumhoji alikwenda kufanya nini kule, akaona aibu, akakaa kimya hadi Jumanne, hakuna wa kumrudishia saa zile. Kwanza okoa muda. Nasaha zina wakati wake, na kijana uliyemsaidia atarudi kuzisikiliza.

Hatua ya 1: Jiandae kabla hujaulizwa

Tenga siku moja uvitembelee vituo vya afya vilivyo karibu nawe. Uliza kama wanatoa PEP, yaani dawa za dharura za kuzuia VVU, na mwisho wa wiki au usiku zinapatikana kwa nani. Uliza kondomu zinachukuliwa wapi bila kupanga foleni ya kumwona daktari. Uliza kama wana chumba au siku ya huduma rafiki kwa vijana, na kijana akifika peke yake atapokelewa na nani. Majibu yaandike, yaweke kwenye simu. Kumwambia kijana mwenye hofu "nenda hospitali" hakumsaidii. Mwambie jengo gani, dirisha gani, na aseme nini akifika.

Ijue pia sheria ya upimaji. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 ilimtaka aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya mzazi au mlezi ili apime. Marekebisho ya 2019 yaliushusha umri huo hadi 15, na yakaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Wapo vijana wa kidato cha tatu wanaoamini hadi leo kwamba wakienda kupima lazima mama aitwe. Aliyetimiza miaka 15 anaamua mwenyewe, na majibu yake ni siri yake.

Mkitumia sanduku la maswali shuleni au kwenye kikundi, mpe kila mtu karatasi na kila mtu aandike kitu, hata asiye na swali aandike salamu. Kalamu zote zikitembea, hakuna anayejulikana kwa kuandika. Lakini sanduku linalofunguliwa mara moja kwa wiki ni hatari kwa swali la dharura. Kwa hiyo bandika tangazo juu yake kwa maandishi makubwa: "Kama lililokupata halijatimiza siku tano, usiandike hapa. Nenda leo," kisha jina la kituo na namba ya kupiga. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, na haina malipo.

Hatua ya 2: Lipokee swali kama lilivyokuja

"Dada, kuna rafiki yangu ana shida." Mjibu huyo rafiki. Usitabasamu, usiseme "sema tu ni wewe". Huo mlango wa rafiki ndio uliomwezesha kuingia, mwache autumie hadi mwisho kama anataka.

Vijana wana maneno yao: ngoma (VVU), gono (kisonono), ndomu, mpira, kavu, denda (busu la ulimi), kuchepuka. Yaelewe yote, wala usimsahihishe anayeyatumia. Wewe jibu kwa lugha ya wazi isiyo ya matusi, naye ataifuata taratibu. Pale neno linapoweza kubeba maana mbili, uliza. "Tulilala" huenda ni kujamiiana, huenda ni kulala usingizi kitanda kimoja. Uliza kwa upole: "Unaposema kavu, hamkutumia kondomu kabisa, au ilivuka katikati?" Maswali yenye faida kwa wakati huu ni mawili, nini na lini. Swali la "kwa nini" liache. Kwa anayeogopa, linasikika kama mashtaka.

Kuhusu siri, weka mpaka mapema na useme ukweli: "Utakachoniambia kitabaki kwangu, isipokuwa nikiona kuna mtu anakuumiza. Hapo tutatafuta msaada pamoja." Usiahidi siri isiyo na mpaka, maana siku moja utalazimika kuivunja.

Hatua ya 3: Kabla ya kingine chochote, tafuta saa

Ukishajua ni nini, uliza: "Ilikuwa lini?" Jibu lake ndilo litakalokuongoza.

Kama hazijapita saa 72 tangu kondomu ipasuke, au tangu ngono isiyo na kinga na mtu ambaye hali yake haijulikani, au tangu kubakwa, PEP bado inawezekana. Hizo saa 72 ni ukomo, wala hakuna sababu ya kuzisubiri: anayeanza baada ya saa chache ana kinga bora kuliko anayeanza siku ya tatu. Atapimwa kwanza, kwa sababu PEP ni ya asiye na VVU, kisha atameza dawa kila siku kwa siku 28. Wengi huziacha njiani kwa kichefuchefu au kwa kuona mwili uko sawa, kwa hiyo lisemee hilo mapema.

Mimba nayo ina saa yake. Vidonge vya dharura ambavyo mitaani vinaitwa P2 hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku tatu, na vinaweza kusaidia hadi siku ya tano, ingawa nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku hizo tano nacho huzuia mimba, tena kwa uhakika zaidi. Sema mambo mawili hapa bila kuzunguka. P2 haizuii VVU wala gono. Na haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Nalisisitiza hili kwa sababu wasichana wengi huogopa mimba kuliko VVU. Akishameza P2 hujiona amemaliza kazi, na saa za PEP zinampita akiwa ametulia.

Binti akiuliza kuhusu mimba baada ya siku tano, kipimo cha mkojo kinaaminika akichelewa hedhi, au siku 21 baada ya ngono. Akipima siku ya nne, mstari mmoja hauna maana yoyote. Na kama yuko shule na mimba ipo, mwambie kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatishwa masomo na ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Kuna binti anayefikiria kufanya jambo la hatari kwa kuamini kwamba elimu yake imeishia hapo.

Saa ya mwisho ni ndefu. Kipimo cha VVU cha haraka hutafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Aliyeambukizwa juzi atapimwa leo na kuonekana hana. Apime sasa ili ajue alipoanzia, arudie baada ya miezi mitatu, na katikati ya hapo atumie kondomu.

Jibu la swali la dharura liwe fupi kiasi cha kusomeka kwa macho yenye machozi. Kwa mfano:

"Mdogo wangu, asante kwa kuniandikia mapema. Muda bado upo. Nenda leo hii hospitali ya wilaya, useme: kondomu ilipasuka Ijumaa usiku, naomba PEP. Watakupima, kisha watakupa dawa za siku 28. Kama unaogopa mimba, omba hapohapo vidonge vya dharura. Ukikwama mlangoni niandikie, niko kwenye simu."

Hayo yanatosha. Habari ya nani alileta kondomu na ilihifadhiwaje mtaizungumza wiki ijayo.

Hatua ya 4: "Eti hivi, naweza kuupata?"

Haya ndiyo maswali mengi zaidi, na hayana saa, kwa hiyo tulia uyajibu vizuri. VVU hupita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Havipiti kwa mate, jasho, machozi, mbu, choo, sahani wala kukumbatiana. Denda halimo. Mbu hayumo: virusi haviwezi kuzaliana ndani yake, na anapokuuma hakurudishii damu ya mtu aliyemuuma kabla yako.

Lakini ukiishia kwenye orodha ya "hapana" utayaacha maswali mazito. Wapo wanaoamini kwamba njia ya haja kubwa ni salama kwa sababu haileti mimba wala haiharibu kile wanachokiita bikira. Kiafya, ni njia yenye hatari kubwa zaidi ya VVU kwa anayeingiliwa, maana ngozi ya ndani huko ni laini na huchanika kwa urahisi. Liseme kama jambo la afya, bila kukunja uso. Kunyonyana sehemu za siri kuna hatari ndogo sana ya VVU, lakini kisonono na kaswende hupita huko bila shida.

Imani nyingine niliyoisikia kila pembe: "Mpenzi wangu kapima, yuko safi, basi na mimi niko safi." Majibu yake ni yake. Wapenzi wawili wanaweza kuishi miaka, mmoja anavyo na mwingine hana. Kila mtu apime mwili wake.

Mvulana aliyetahiriwa atakuuliza kama sasa yuko huru. Majaribio yaliyofanyika Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda na Orange Farm kule Afrika Kusini yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kama kinga ya nyongeza. Kupunguza kuna maana yake, nako kuondoa kuna maana yake. Kondomu bado inahitajika, na baada ya tohara asijamiiane kwa wiki sita ili kidonda kifunge.

Kuhusu kondomu yenyewe, usidhani wanajua. Waonyeshe. Tarehe ya kuisha muda kwenye pakiti, kufungua kwa vidole na wala si kwa meno, kubana ncha ili hewa itoke, kuivaa kabla ya kugusana kokote, kuishika shinani wakati wa kutoka. Mafuta ya nazi, losheni na mafuta ya mgando huiharibu mpira ndani ya dakika chache, kwa hiyo kilainishi kiwe cha maji. Kuvaa mbili kwa pamoja husababisha zisuguane na kupasuka. Kwa kijana ambaye hatari humkuta mara kwa mara, mwambie pia kuna PrEP, dawa anayotumia asiye na VVU kabla ya ngono, na anaweza kuiulizia kituoni.

Na usione haya kusema kwamba kusubiri ni chaguo halali. Mwambie kama unavyomwambia mengine, kwa heshima. Yupo anayelisubiri neno hilo kutoka kwa mtu mzima ili apate nguvu ya kukataa.

Hatua ya 5: Usaha, kidonda na ile "UTI sugu"

Siku hizi kila muwasho wa huko chini unaitwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kila UTI inanunuliwa dawa duka la pembeni. Ukisikia "UTI sugu" kwa kijana anayejamiiana, fikiria magonjwa ya zinaa. Kisonono huleta usaha na maumivu ya kukojoa kwa mvulana, ilhali msichana anaweza kukaa nacho asione dalili yoyote, huku kikipanda hadi kwenye mirija na kuhatarisha uzazi wake. Kaswende huanza na kidonda kisichouma. Kidonda hicho hupona chenyewe, mtu akashukuru, kumbe ugonjwa umebaki mwilini.

Jibu lako ni moja kwa yote: apimwe, amalize dozi, na mwenza wake atibiwe pia, la sivyo watarudishiana. Nusu dozi ya antibayotiki humwacha na ugonjwa uliojifunza kuishinda dawa.

Uchafu mweupe mzito wenye kuwasha mara nyingi ni fangasi, na fangasi humpata hata ambaye hajawahi kujamiiana. Mwambie hivyo wazi, hasa mbele ya mama aliyeanza kumshuku. Na aache kujisafisha ndani kwa sabuni au dawa, kwa kuwa uke hujisafisha wenyewe.

Ukiongea na wasichana wa miaka 9 hadi 14, wakumbushe chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja.

Hatua ya 6: Maswali ya mwili

Punyeto haimalizi mbegu, haiondoi nguvu za kiume, haileti upofu. Mtu anaweza kuwa na msimamo wa dini yake juu ya jambo hilo, na ana haki nao, ila asiutetee kwa ugonjwa usiokuwepo. Kutokwa na shahawa usingizini ni kukua. Ukubwa wa uume hautabiri uwezo wa kuzaa. Bikira haiwezi kuthibitishwa kwa macho ya mtu yeyote, maana utando ule hutofautiana tangu kuzaliwa na wengine hawatoki damu kamwe. Hedhi kurukaruka miaka miwili ya mwanzo ni kawaida. "Siku salama" kwa msichana ambaye mzunguko wake haujatulia ni kubahatisha.

Hatua ya 7: Kijana anayeishi na VVU

Katika kila chumba unachozungumza, chukulia kwamba yumo. Huenda alizaliwa navyo, anameza dawa tangu utotoni, na maneno yako ya "ugonjwa wa kifo" yanamfikia mgongoni. Futa kabisa sentensi zinazowagawa waliopo kuwa sisi wazima na wao wagonjwa.

Maswali yake ni tofauti. Atauliza kama atazaa. Ndiyo: mama anayemeza dawa vizuri tangu ujauzito hadi mwisho wa kunyonyesha hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mtoto hadi chini ya asilimia 5, wakati bila matibabu ni kati ya asilimia 15 na 45. Atauliza kama anaweza kupenda na kupendwa bila kumwambukiza mtu. Hapa mpe habari njema iliyokamilika. Mtu anayetumia ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, kila siku hadi virusi vikafubaa, vikawa havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Utafiti wa PARTNER uliochapishwa mwaka 2016 ulizifuatilia jozi 888 za wapenzi barani Ulaya, waliojamiiana bila kondomu takriban mara 58,000, na hapakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake mwenye virusi vilivyofubaa. Kondomu bado ina kazi ya kuzuia mimba na magonjwa mengine. Ila hofu ya kwamba mwili wake ni sumu, mwondolee leo.

Atakuambia amechoka na vidonge. Msikilize kabla ya kumhimiza. Mara nyingi uchovu wa dawa ni tatizo lenye jina: bweni halina pa kuficha kopo, mlezi amebadilika, rafiki ameona pakiti, ratiba ya kliniki inagongana na mtihani. Kila moja lina njia yake. Kidonge kinaweza kuhamishiwa kwenye kichupa kisicho na lebo kikavu chenye kufunga vizuri, matroni mmoja anayeaminika anaweza kushirikishwa kwa ridhaa ya kijana, na CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, inaweza kuombwa kumpa dawa za miezi kadhaa. Kama klabu ya vijana ipo kwenye kliniki yake, mpeleke. Kukaa na wenzake wanaomeza dawa ileile kunafanya kazi ambayo hotuba yako haiwezi.

Akisema ameombewa akapona, usibishane na imani yake. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, wakitafuta kikombe cha uponyaji, na wapo walioacha ARV baada ya hapo. Mwambie aendelee kusali na aendelee kumeza, kwa sababu virusi hurudi ndani ya wiki chache dawa zikiachwa, na vinaweza kurudi vikiwa sugu.

Kumwambia mpenzi ni swali gumu kuliko yote. Sheria ya 2008 inamtaka anayejua hali yake amjulishe mwenza wake, na kijana anastahili kulijua hilo. Lakini usimwachie sheria mkononi ukaondoka. Panga naye: amwambie wapi, nani awe karibu, afanye nini mwenzake akikasirika. Mnasihi wa CTC anaweza kukaa nao wawili.

Hatua ya 8: Swali linaloficha ukatili

"Anko akinigusa naweza kupata mimba?" Simama hapo. Hilo halijibiwi kwa somo la mayai na mbegu. Sema kwamba unamwamini, kwamba hana kosa, na kwamba mtatafuta msaada sasa. Kisheria, kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akisema alikubali. Hilo linamhusu pia yule fataki, mwanaume mtu mzima anayewarubuni wasichana, anayelipia nauli na chipsi.

Saa za hatua ya 3 zinaanza kuhesabika hapa pia: PEP, vidonge vya dharura, uchunguzi. Asioge wala kufua nguo kama jambo ni la karibuni, na nguo zifungwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Mahali bora ni Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja. Kama hakipo, nenda naye hospitali, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Nenda naye mwenyewe. Usimrudishe mikononi mwa familia kabla hujajua nani humo ni wa kuaminika, wala usimfuate mtuhumiwa kumuuliza.

Hatua ya 9: Lile usilolijua

Sema "sijui, nitauliza, nitakujibu kesho saa kumi", kisha umjibu kesho saa kumi. Muulize muuguzi au mfamasia uliyemfahamu siku ile ya kutembelea vituo. Kama swali lina saa ndani yake, usilichukue kwenda nalo nyumbani: mpigie mtaalamu papo hapo, kijana akiwa mbele yako, na simu iwe kwenye spika akikubali.